Mama anaficha dawa kwenye khanga, na mimi ndiye niliyemjibia maswali

Shikamoo mama mshauri,

Nakuandikia usiku huu mama yangu akiwa amelala, au niseme amejinyoosha anatazama boriti, maana usingizi siku hizi hana.

Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 38, naishi na mama mkoani Tanga. Mama ana miaka 63. Sukari aligundulika nayo miaka 14 iliyopita. Ikafuata presha, yakafuata magoti, na mwaka jana tukaambiwa figo nazo zimeanza kuchoka. Usiku nyayo zinamwaka moto kama aliyekanyaga makaa. Anameza vidonge vya aina saba na anachoma insulini asubuhi na jioni. Kliniki ya sukari ni Jumanne, ya presha ni Alhamisi, na ya figo ni kila baada ya miezi miwili, mpaka tupande basi. Kila kliniki ina daftari lake, na kila daktari anaanza upya: "Mama, unasumbuliwa na nini?"

Huyu mama alikuwa muuza vitumbua. Saa kumi na moja alfajiri jiko lake lilikuwa limeshawaka, na wasafiri wa basi la kwanza walikuwa wanamjua kwa jina. Kwenye kikoba chao ndiye aliyekuwa mweka hazina kwa miaka tisa. Sasa kikoba haendi, maulidi haendi, vitumbua kaniachia mimi. Mwaka huu daktari alimkataza kufunga Ramadhani. Siku ya kwanza ya mfungo nilimkuta uani amekaa na kikombe cha uji mbele yake, hakukigusa, akaniambia: "Mwili umenisusa, na sasa hata Mungu nabaki kumtazama kwa mbali." Tangu siku ile anaongea kidogo sana. Akiongea ni kwamba amekuwa mzigo, na kwamba ada ya shule ya wanangu inaishia kwenye miguu yake.

Jumanne ya wiki iliyopita kliniki tulimkuta nesi mpya, binti mwenye adabu. Akatoa karatasi akasema kuna maswali tisa ambayo sasa wanawauliza wagonjwa wote wa sukari. Tulikuwa kwenye benchi, watu wamejaa kulia na kushoto, kila mmoja anasikia. Akaanza: ndani ya wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo? Mama akainama. Mimi nikaona foleni, nikaona macho ya watu, nikaanza kujibu. Usingizi? Hana, kila siku. Uchovu? Kila siku. Chakula? Anakula kidogo. Nikawa najibu kama ninayesoma orodha ya sokoni.

Swali la tisa lilikuwa kama amewahi kufikiri ni afadhali afe, au kufikiri kujidhuru. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mungu ndiye anayejua." Nikadakia haraka: "Hapana nesi, mama hana mambo hayo." Nesi akaandika sifuri. Akajumlisha akapata 14 kati ya 27, akatuandikia rufaa kwenda kwa daktari wa afya ya akili, hospitali ya mkoa.

Nyumbani moto ukawaka. Mama akasema: "Kumbe mnanitafutia njia ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili." Kaka yangu yuko Dar es Salaam, ndiye anayetuma hela za dawa, kwenye simu akasema mama hana kichaa, ni sukari imepanda, na nani asiyechoka akiumwa magonjwa manne? Mdogo wangu wa kike anasema kuna mkono wa mtu, maana mama wakati mwingine anatetemeka, anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, basi anataka afanyiwe kisomo. Mimi nipo katikati.

Na kuna jambo sijamwambia yeyote. Jana nikizikusanya khanga zake nizifue, moja ilikuwa na fundo kwenye ncha. Nikalifungua. Vidonge, vya rangi zote. Nilihesabu 46 nikaacha kuhesabu. Nikafunga tena vilevile nikairudisha chini ya mto.

Je, hiyo 14 ni kweli au ni sukari tu inayosema? Kuna faida gani kumpeleka huko wakati hata nauli ya figo hatuna? Na lile fundo nifanye nini nalo?

Mtoto wa kwanza, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Umeandika fundo mwishoni, mimi naanza nalo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja mpaka jua lichomoze, hili haliwezi.

Vidonge vilivyofichwa vina maana nyingi. Nimefanya unesi miaka 26, mingi yake kliniki ya sukari, na nimeona mafundo ya kila namna. Kuna aliyekuwa anaficha kwa sababu dawa moja inamchafua tumbo naye anaona haya kumwambia daktari. Kuna aliyekuwa anaweka akiba, akiogopa mwezi ambao hela hazitakuja. Kuna aliyechoka tu, akasema leo sitaki. Na kuna aliyekuwa anavikusanya kwa ajili ya siku moja. Kutoka huku niliko siwezi kukwambia mama yako ni yupi kati ya hao. Lakini ukiweka pamoja fundo, maneno ya kuwa mzigo, na ule ukimya wake kwenye swali la tisa, wewe na mimi tunapaswa kwenda kana kwamba ni huyo wa mwisho, mpaka yeye mwenyewe atuthibitishie vingine.

Kwa hiyo usiku huu huu dawa zote za nyumba hii, insulini ikiwemo, zitoke chumbani kwake zikae mahali unapopajua wewe peke yako. Usizichukue kwa siri. Kaa kitandani kwake umwambie: "Mama, nimeliona fundo. Sikugombezi. Nimeogopa kukupoteza." Kisha unyamaze. Kuanzia sasa dozi unampa wewe mkononi, na insulini anachoma ukiwepo. Asilale peke yake. Mmoja wa wanao alale naye, au wewe.

Hapa kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kama kwa wiki kadhaa alikuwa hamezi, huenda vipimo vyake vilipanda, na daktari akaongeza dozi akidhani zile za mwanzo zimeshindwa. Ukianza ghafla kumpa zote kama zilivyoandikwa, presha inaweza kushuka akaanguka, sukari nayo inaweza kushuka akazimia. Ndiyo maana kesho asubuhi unakwenda naye kliniki, usingoje Jumanne, na ile khanga unaibeba ikiwa na fundo lake. Mwambie daktari: hivi ndivyo ambavyo hakumeza. Wapange dozi upya wakiwa wanajua ukweli. Na kama kabla ya asubuhi atakwambia kwamba ameshameza nyingi, au anajua atakachofanya na lini, usingoje asubuhi. Hiyo ni dharura kama ajali ya barabarani, unakwenda nayo hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa lile swali la tisa. Mwanangu, sikulaumu. Binti gani anaweza kukaa kwenye benchi mbele ya watu akasikia mama yake anaulizwa kama anataka kufa, asidakie? Lakini ile sifuri iliyoandikwa pale ni yako, si yake. Yeye alishajibu. Mtu ambaye hajawahi kufikiria kifo mara nyingi husema "hapana" bila kutafuta maneno. Mama yako alisema Mungu ndiye anayejua.

Swali hilo linatakiwa kuulizwa tena, faraghani, na wewe usiwepo. Wagonjwa wengi hawawezi kusema neno hilo mbele ya mtoto waliyemzaa, wanakulinda wewe. Mwombe nesi au afisa tabibu awape chumba, mlango ufungwe, wewe ukae nje. Ni haki yake, wala si upendeleo. Nami nasema wazi kwamba kuuliza maswali yale kwenye benchi la foleni ni makosa, hata kama muulizaji ana adabu na nia njema. Anayepimwa hivyo hatoi majibu yake, hutoa majibu yatakayompitisha mbele ya majirani.

Na kama ana shoga yake wa tangu usichana, kama wanawake wengi wa pwani walivyo naye, mwite. Yapo maneno ambayo mama atayasema kwa shoga akiwa anasukwa nywele ambayo hatayasema kwa daktari wala kwa mwana. Shoga amwulize polepole. Wazee wetu husema "Mungu anichukue tu nipumzike", na si kila asemaye hivyo yumo hatarini. Mwingine ni uchovu, mwingine ni namna ya kuongea. Lakini kati ya kutamani Mungu akuchukue na kufikiria kujiondoa mwenyewe kuna hatua, na kati ya kufikiria na kujua utatumia nini kuna hatua nyingine. Tunataka kujua amesimama kwenye hatua ipi. Wala usiogope kwamba kumwuliza kutampa wazo asilokuwa nalo. Wazo likiwepo lilikuwepo kabla yako, na wengi hushusha pumzi wanapopata mtu wa kumwambia.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Hofu hiyo ina mzizi, maana sheria tulizorithi kwa Waingereza zilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Huko Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Lakini hata pale sheria ilipo, kuwa na fikra na kumweleza nesi si kosa la mtu yeyote. Mwambieni hivyo.

Labda unajiuliza kwa nini karatasi hii imeletwa, wakati zamani daktari alikuwa anakuangalia usoni akajua. Hakuwa anajua, mwanangu. Tazama salamu zetu. Ukiulizwa "hujambo", huna jibu ila "sijambo". Habari za nyumbani? Njema. Habari za mwili? Alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu, na mtu anasema hivyo huku mguu umeoza. Adabu yetu imeufunga mlango wa kusema "si njema". Nilikuwa na mgonjwa, mwalimu mstaafu, sukari na presha, na mguu mmoja umekatwa. Kila mwezi namwuliza hali, kila mwezi ananijibu kwa tabasamu: "Tunasogea, binti." Nami naandika kwenye daftari kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Akaacha kuja. Nilipomfuata nyumbani nilikuta hajameza dawa kwa miezi mitatu na amegeukia ukutani. Aliniambia kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile: "Hukuniuliza nalala vipi." Karatasi ya maswali tisa inauliza analala vipi.

Inaitwa PHQ-9, na ilichapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams wa Marekani. Imefasiriwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania, kwa hiyo si karatasi ya kubahatisha. Kila swali lina alama 0 mpaka 3 kulingana na siku ngapi hali hiyo imekusumbua ndani ya wiki mbili. Kuanzia 5 ni dalili ndogo, kuanzia 10 ni za wastani na mtu anatakiwa kuchunguzwa zaidi, kuanzia 15 ni nzito, kuanzia 20 ni nzito sana. Sasa sikiliza vizuri: karatasi haimtangazi mtu kuwa mgonjwa. Ni kama kupima homa kwa kiganja kwenye paji la uso. Joto likisikika, damu inapelekwa maabara. Hiyo 14 inasema mkono umesikia joto, njooni tukae tuangalie. Na kama swali la tisa lingejibiwa na mwenyewe, huenda isingekuwa 14.

Kaka yako anasema ni sukari tu. Asikasirike nikisema amepata nusu ya ukweli. Maswali kadhaa ya karatasi ile yanauliza mambo ya mwili: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kuwa mzito au kutotulia. Mtu mwenye afya asiyelala usiku kucha tunashuku ana huzuni moyoni. Lakini mama yako sukari ikipanda anaamka kukojoa mara nne, na akirudi kitandani nyayo zinawaka. Figo zikichoka damu hupungua, na damu ikipungua hata kufagia uwanja ni mlima. Metfomini huweza kukata hamu ya kula, na ikitumiwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, ambayo nayo huleta uchovu na ganzi. Tezi ya shingoni ikilegea humfanya mtu awe mzito kama mwenye huzuni. Kwa hiyo wamwangalie wingi wa damu, figo, tezi, na B12 kama kipimo kinapatikana. Tatizo hili ni la zamani: mwaka 1983 huko Uingereza Zigmond na Snaith walitunga maswali mengine 14 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitalini, wakayaacha kwa makusudi yale ya usingizi na uchovu ili maradhi ya mwili yasichanganye hesabu.

Lakini je, figo ndizo zilizomtoa mama kwenye kikoba? Ni magoti yanayomwambia kwamba ni mzigo? Mambo ya kuangalia kwa mgonjwa wa maradhi mengi ni yale ambayo mwili hauwezi kuyaeleza: kupoteza furaha ya kitu alichokipenda, kukata tamaa, kujiona hafai, kutamani kufa. Hayo mama anayo, umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako. Sukari haijawahi kumfanya mtu aone kwamba ada ya wajukuu inaishia miguuni mwake.

Kaka ameuliza pia nani asiyechoka akiumwa magonjwa manne. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa madaktari, na linanichoma kila nikilisikia, kwa sababu linageuza jambo la kawaida kuwa jambo la kuvumiliwa. Ni kweli kwamba wenye sukari hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, karibu mara mbili ya wasio nayo. Mifupa ya wazee huvunjika kirahisi, hilo nalo ni la kawaida, na bado hatumwachi bibi aliyevunjika nyonga alale sakafuni.

Tena upo uchovu wa aina nyingine usiokuwa sonona: kuchoka kuugua kwenyewe. Kuchoka sindano, kuchoka kuhesabu vijiko vya ugali, kuchoka kuogopa kesho kitaharibika kiungo gani. Kwa wenye sukari kuna maswali yake maalumu 20, yaliyotungwa mwaka 1995, yanayochimbua hayo tu. Dawa ya uchovu huo mara nyingi si kidonge cha nane. Ni kupunguziwa mzigo. Mwombe daktari aangalie vile vidonge saba: vipi vinaweza kuunganishwa, kipi hakihitajiki tena hasa sasa figo zimebadilika. Waulize kama sukari na presha vinaweza kuonwa siku moja. Chukua daftari moja kubwa, uandike humo kila kitu kutoka madaftari yote, ulipeleke kila mahali, ili mama asisimulie maisha yake upya kila Jumanne na kila Alhamisi.

Kama ni sonona, na mimi naona dalili zake, inatibika pamoja na haya mengine, na ikitibiwa mengine nayo hushikika. Mwaka 2010 Wayne Katon na wenzake walitoa matokeo ya utafiti waliofanya jimbo la Washington, Marekani, kwa wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na sukari au maradhi ya moyo yasiyotulia. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. La pili kila mgonjwa alipata nesi aliyefuatilia yote kwa pamoja, sonona yake, sukari yake, presha yake, chini ya usimamizi wa madaktari. Baada ya mwaka mmoja wale wa pili walikuwa na nafuu ya sonona, na sukari, presha na mafuta ya damu vilikuwa vimeshuka kuliko kwa wenzao. Msomee kaka yako aya hii. Hela zake anazotuma kila mwezi zinaishia kwenye fundo la khanga, na kilichozipeleka huko hakitibiki kwa insulini.

Unasema nauli hamna. Anza hapo hapo kliniki yenu: ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu gharama, na umwulizie mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Huenda akaonwa karibu zaidi ya mkoani. Na kama nesi yule anawauliza wagonjwa maswali huku hajui pa kuwapeleka zaidi ya karatasi ya rufaa, mwambieni kwa heshima. Kumfungua mtu kifua kisha kumrudisha nyumbani wazi ni kumwongezea baridi. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaani, akawafundisha kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupanga tatizo moja moja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na karibu 4 kati ya kila 10 waliohusika walikuwa wanaishi na VVU. Washona wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Wale bibi hawakuwaambia watu kwamba ni wagonjwa wa akili. Walitumia neno la nyumbani.

Nawe fanya hivyo. Neno "sonona" wataalamu wetu wamelitoa kwenye kusononeka, na kusononeka mama anakujua tangu utoto wake. Mwambie: "Mama, umesononeka mpaka dawa hazifanyi kazi. Kuna daktari wa masononeko." Mirembe ni hospitali ya taifa iliyoko Dodoma, wanakwenda wenye hali inayohitaji kulazwa huko, na wanatoka wanarudi makwao. Rufaa yake yeye ni ya kukaa kitini, kuzungumza, na pengine kupewa dawa.

Kuhusu dawa: wakimwandikia amitriptilini msishtuke. Kwa kiasi kidogo usiku hutumika pia kutuliza miguu inayowaka, hata kwa asiye na sonona. Lakini inaweza kumpa kizunguzungu akisimama, na haiendi na kila moyo, kwa hiyo daktari aone orodha yote ya dawa zake kwanza, na ajue habari za fundo. Dawa hii nayo ikae kwako.

Mdogo wako anataka kisomo. Kisomeni. Mama yenu ni mtu wa dini na aya zinampoza. Lakini siku akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuweweseka, kabla hamjasema jini, toboeni kidole mpime sukari. Kwa anayechoma insulini dalili hizo ndizo za sukari kushuka, na ikiwa chini, maji ya sukari au juisi kwanza, kama anaweza kumeza, kisha hayo mengine. Akishindwa kumeza, mkimbizeni hospitali.

Na ule mfungo. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini kidogo. Sidhani kama kuna aliyekaa na mama akamweleza kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hakufukuzwa mlangoni. Qurani yenyewe imetaja fidia, kumlisha maskini kwa kila siku isiyofungwa. Mwite shehe wa msikiti wenu, au mwalimu wa kike wa madrasa kama mama atakuwa huru zaidi naye, amweleze kwa kinywa chake. Halafu mwacheni mama aiandae fidia hiyo kwa mikono yake. Akae kwenye kigoda apime unga wa mchele, aseme tui limezidi au limepungua, wewe ugeuze vitumbua, watoto wa mtaa wapelekewe. Asipewe kazi ya kumfurahisha tu. Apewe ile anayoijua kuliko ninyi nyote. Mweka hazina wa miaka tisa anaweza kuwekewa daftari la kikoba nyumbani, na wenzake wakakutana uani kwenu mara moja kwa mwezi.

Nimebakiwa na swali moja, na hili ni lako. Unachoma vitumbua alfajiri, unapanga foleni, unahesabu vidonge, na usiku unaandika barua. Kuna maswali mawili ya kwanza kwenye karatasi ile ile ambayo huulizwa peke yake kama mchujo wa haraka. Ndani ya wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge au umekata tamaa? Kila moja jipe 0 kama hapana kabisa, 1 kwa siku kadhaa, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku, 3 kwa karibu kila siku. Ukipata 3 au zaidi, kesho mkifika kliniki, mama akiwa ndani na mlango umefungwa, mwambie nesi akuandikie na wewe. Usijibiwe na mtu.

Mpigie kaka yako usiku huu huu umwambie habari za khanga. Hukuumbwa kulibeba fundo lile peke yako. Kesho mama asitoke na njaa. Mpe chai isiyo na sukari na chochote anachoweza kula, na usimchome insulini kabla hajala. Nitaitazamia barua yako nyingine. Niandikie alichosema mama pale uliponyamaza.